Fensi Mpya ya Uwanja wa Manga

Jumamosi usiku

Sare tena. Tuliongoza kwa bao moja hadi dakika za mwisho, halafu wageni wakasawazisha. Kocha analaumu mabeki. Mimi nailaumu fensi.

Uwanja wetu umekaa kwenye mteremko, na nyuma ya goli la chini kuna shamba la chai la Nyanya Kemunto. Tangu nilipokuwa mtoto, mpira ukitoka huporomoka hadi kwake, naye ndiye huurudisha. Tukiwa nyuma, unarudi kabla refa hajageuka. Tukiongoza, Nyanya huanza kwa kuuliza mpira huo ni wa nani.

Mwaka huu ligi ikasema lazima uwanja uwe na fensi. Mwenyekiti akaleta waya, na mimi, mwalimu wa shule na katibu wa timu, nikapiga makofi. Sasa mpira unagonga waya na kurudi palepale. Hatujashinda nyumbani tangu hapo. Tukishuka daraja, vijana nitawaambia nini?

Baada ya mechi nilimkuta Nyanya amesimama upande wa shamba, ameshika waya kwa mikono miwili.

"Mwalimu, ni nani alinitoa kwa timu?"

"Hakuna, Nyanya. Ni sheria ya ligi."

"Na imeisha ngapi?"

"Moja moja."

Akatazama majani yake ya chai.

"Saa hii ningekuwa bado natafuta mpira."



Kesho baada ya kanisa nitapita pale na koleo la kukatia waya. Mwenyekiti akiuliza, nitasema ni fuko waliotafuna waya. Wamezidi sana huku.