Nyundo Nyuma ya Karakana

Makambako, Alhamisi, Juni

Naandika kidole kikiwa kimefungwa kitambaa.

Nimeivunja. Ile mashine ya joto ya watoto wachanga, iliyomuunguza mtoto mgongo juzi, niliiburuta mwenyewe hadi nyuma ya karakana, nikaishukia kwa nyundo kubwa. Kioo kikaruka, kikanichana kidole. Sikuacha. Sista wa wodi akapiga kelele, "Mhandisi, hiyo ni mali ya serikali!" Nikamwambia asogee asije akaumia.

Hospitalini kwetu kitu kibovu hakifi. Unakibandika karatasi ya MBOVU, unakifungia stoo, baridi ikizidi mtu anaibandua na kitu kinarudi wodini.

Nikageuka nikamwona mama wa mtoto. Mchuma chai wa Lupembe, viganja vimekuwa vyeusi. Mwanawe bado analazwa kifudifudi.

"Kaka, nipe na mimi."

Nikampa. Alipiga bila kulia, mpaka bati likakunjika na jasho likamtoka katika baridi ile. Alipiga palepale nilipokaza skrubu kwa mkono wangu.

Maana karatasi ya MBOVU ya mashine hii niliibandua mimi. Watoto wawili walikuwa wanatetemeka, sista akanisihi, nami nikajiambia kipima joto chake kibovu kitavumilia siku mbili. Mhandisi mwandamizi mzima!

Akanirudishia nyundo kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Asante sana, kaka. Wewe peke yako ndiye uliyeona uchungu wangu."

Nikaipokea. Nikamwambia, "Pole, dada." Habari ya karatasi sikumwambia.