Wanne Kwenda Kwa Daktari

Dada Mwikali,

Natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya kila karani wa posta atakayesoma hapa: Birmingham wanamimina maziwa baridi kwenye chai iliyokwisha kuiva. Nimezoea, Mungu anisamehe.

Habari yenyewe ni ya Jean, mwenzetu katika kikundi cha wanawake wanaopenda wanawake, tunaokutana mtaa wa Moseley. Mama yake alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Jean alipokwenda kupimwa, daktari aliposikia anaishi na mwanamke, akamwambia kipimo hicho si cha watu kama yeye. Kanuni yetu ni moja: aliyefukuzwa kwa daktari harudi peke yake. Jana tukaenda wanne, mimi nimeshika daftari la kuandika kila neno litakalosemwa.

"Nyinyi ni nani wake?" karani akauliza.

"Dada zake."

Akanitazama mimi, akatazama nywele nyekundu za Jean. "Dada?"

"Baba alisafiri sana, mama," nikamjibu. "Tutangoja."

Tukangoja asubuhi nzima. Daktari akachungulia, akaliona daftari, akamwita Jean kwa adabu.

Wabusu watoto. Nawe ukapimwe, nakuomba mimi mdogo wako. Kipimo chenyewe huchukua dakika nne.