Siku Uliyokiri Kwenye Rufaa

Mdogo wangu Eliamini,

Siku ile mahakamani Moshi sikukuaga. Karandinga la magereza lilipoondoka nilikuwa nimekupa mgongo, na najua uliniona.

Nilikulea huku mlimani Bombo tangu mama alipofariki. Ulipovunja chungu cha bibi, hukungoja aulize. Ulimfuata njiani akitoka shambani ukamwambia mwenyewe. Kisha ukashuka Same, ukapata kazi ya kufunga minyororo tairi za magari yaliyoegeshwa vibaya. Ulinitumia picha umevaa shati la kazi, nikawaonyesha watu kanisani.

Sikujua kwamba wewe na bosi wako mnavizia magari nje ya nyumba za wageni. Yule mwalimu mlimfungia gari, ukampigia simu: asipolipa, mumewe ataambiwa lilikutwa wapi. Akairekodi sauti yako. Mkahukumiwa miaka minne kila mmoja.

Mlipokata rufaa, nilikuja gerezani na maneno ya bosi wako.

“Sema sauti si yako,” nilikwambia. “Mtatoka wote.”

“Dada, yule mama alilia kwenye simu. Mimi nikacheka.”

“Sasa kilio chake ndicho kitakachokutoa humu?”



Mbele ya jaji ukasema hupingi hatia, unaomba upunguziwe adhabu tu. Bosi wako akasonya. Mimi nikatoka nje kabla hujamaliza. Niliona umenidharau, mimi niliyekubeba mgongoni. Hata niliposikia rufaa yake imetupwa na wewe umepunguziwa hadi miaka miwili, sikuja.

Juzi mwalimu yule alinisimamisha sokoni Same. Nikajiandaa kutukanwa.

“Wewe ndiye dada yake?”

“Ndimi.”

“Ulitoka mapema. Alimwambia jaji kwamba yeye na bosi wake walijua sina kosa, waliniona nikimshusha shangazi yangu na mizigo yake. Mume wangu alikuwa amekaa nyuma kabisa mle mahakamani, akasikia. Tangu kesi ianze alikuwa hasemi nami.”

Nikamuuliza kama amekusamehe.

“Bado,” akasema. “Lakini nyumbani kwangu sasa tunakula meza moja.”

Nilirudi Bombo. Nilikuwa nimekutuma ukamzike yule mama mara ya pili kwa uongo, Eliamini, na ulikataa. Nisamehe.

Jumapili nakuja kukuona. Nikichelewa, ni gari la mlimani, usidhani nimeghairi.

Ni mimi dada yako,
niliyetoka mapema.