Paji Linapanda

Jumatatu, 1 Septemba 1975

Nimetoka kwa Lyamba kinyozi.

Nilikwenda anipunguzie pembeni tu, afro ibaki. Akanichana, akanyamaza. Lyamba kunyamaza! Mtu anayenyoa huku anahubiri. Kisha akachukua kioo cha pili, akakigeuza huku na huku mpaka nikaona. Pembe mbili za paji zimeingia ndani ya nywele kama njia za mbuzi. Kulia zaidi ya kushoto.

Nikamwambia umekata vibaya. Akasema, "Kaka, mkasi haujafika huko."

Nina miaka ishirini na tatu! Nimepima kwa vidole, toka nyusi hadi nywele: vinne na nusu. Mwaka jana vilikuwa vingapi? Sijui. Nani hupima paji lake?

Jumanne, 2 Septemba

Nywele kumi na moja kwenye mto. Tisa kwenye chanuo. Nikakumbuka nywele hazitupwi ovyo, nikazichoma. Chumba kizima kimenuka.

Kazini kuna habari. Bwana Baltazari, mkuu wetu wa upimaji, amebandika tangazo: nafasi moja ya kozi ya upimaji ardhi, Dar es Salaam, miaka miwili. Mwombaji awe chini ya miaka ishirini na tano. Mimi nashika mnyororo wa kupimia na kubeba vigingi tangu 1972. Vijiji vipya kila upande, tunapima mpaka miguu inavimba, halafu ramani anachora mwingine. Kozi hii ni yangu. Nimechukua fomu.

Ningefurahi zaidi, lakini siku nzima mkono unapanda kichwani wenyewe.

Alhamisi, 4 Septemba

Zahanati. Nilisema naumwa kichwa. Mganga akauliza wapi, nikamwonyesha. Akacheka mpaka wagonjwa wa kwenye benchi wakachungulia! Akasema sindano ya nywele haijaletwa Mpanda. Akauliza umri. Nikamwambia. Akanitazama shingo, akatazama mikono, akanifunua kope, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Ishirini na tatu?"

"Ndiyo."

"Basi zimewahi."

Jioni Lyamba amenipa dawa kwenye kopo la maziwa. Mafuta ya kiboko na mzizi uliosagwa, mzizi gani hasemi. Nipake siku saba, nisioshe.

Jumamosi, 6 Septemba

Nzi! Tulikuwa tunapima mashamba Katumba, wao wakanifuata kigingi kwa kigingi kama mimi ni dagaa wa Ikola walioanikwa. Mwenye shamba, Callixte, Mrundi mpole sana, akaniuliza kama nimebeba nyama begani. Nikasema ndiyo. Ningesemaje?

Ngozi inawasha. Malengelenge matatu.

Na kurudi mjini nimemwona Felista sokoni Kashaulili. Nikajificha nyuma ya magunia ya mpunga. Mwanaume mzima.

Acha niandike, labda aibu itapungua. Felista ni mwalimu hapa mjini. Mwaka jana tulikubaliana kuoana. Pasaka ya mwaka huu nikampelekea mama habari kule nyumbani Mpimbwe, mama akakataa katakata. Felista ana ishirini na nne, kanizidi mwaka mzima, mwanamke aliyekuzidi atakutawala. Nikamtii mama. Na Felista nikamwambia kwa barua. Barua! Naye anakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu. Tangu hapo hatusalimiani.

Jumanne, 9 Septemba

Bwana Baltazari ameisoma fomu yangu. Akasoma, akanitazama kichwani, akasoma tena.

"Maximilian, hapa umeandika 1952."

"Ndiyo, mzee."

"Watu wa Dar wataiona picha yako. Watasema tunawapelekea baba wa watu. Lete cheti cha ubatizo, mwisho Ijumaa ya tarehe kumi na tisa."

Nikamwambia cheti kiliungua na nyumba zamani, ndivyo mama asemavyo. Akasema kitabu cha misheni hakikuungua. Amenirudishia fomu, na kunipa ruhusa ya siku chache.

Nywele hizi! Zingebaki mahali pake, nani angeniuliza mwaka?

Nimeosha mafuta ya kiboko kwa sabuni ya kufulia. Mara tatu. Harufu bado ipo.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefika kwetu Mpimbwe juu ya lori, nimekalia magunia matupu. Vumbi. Ndorobo, wale nzi wa porini, wametuuma tangu Sitalike, shingo imevimba. Nimelala kwa katekista Melkior hapa misheni, kwa mama nitakwenda nikishapata karatasi. Nimechoka. Basi.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Kitabu ni kikubwa kama meza ya shule. Melkior alifungua 1952, akapitisha kidole polepole. Simo. Akafungua 1953. Simo. 1951. Simo. Nikaanza kucheka, nikamwambia labda sijabatizwa, mimi mpagani miaka yote hii. Yeye hakucheka. Akaniuliza jina la baba. Nikasema Anselmo. Akarudi nyuma, kurasa nyingi, akasimama.

Maximilian. Baba, Anselmo. Mama, Bibiana. Amezaliwa 9 Machi 1948.

Nikasema huyo si mimi, labda ni kaka aliyekufa kabla yangu. Melkior akauliza, mama yako amezaa wangapi? Nikasema mmoja. Akasema, "Basi ni nani mwingine? Siku ile nilikuwepo. Nilishika mshumaa."

1948! Nimehesabu kwa vidole vya mikono, kisha kwa kalamu ukutani nje ya ofisi. Ishirini na saba. Niliingia mle ndani nina ishirini na tatu, nimetoka nina ishirini na saba. Miaka minne — imekwenda wapi? Nani kaila?

Na hili nalo, nilimwomba aandike 1952 kwenye cheti. Naona aibu kuliandika. Nilimwambia ni tarakimu mbili tu, mzee wangu, hakuna atakayejua. Akafunika kidau cha wino kwa kiganja. Akasema, "Mimi naandika kilichopo." Akangoja. Nikasema haya, andika.

Nimekaa kanisani mpaka wakafunga. Sikusali. Nilikuwa nakumbuka: ndevu zilinitoka nikiwa darasa la tano! Wenzangu wakaniita babu. Na bado sikuelewa! Mwalimu wa hesabu mwenyewe hakuelewa!

Jumamosi, 13 Septemba

Mama alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Sikumsalimu vizuri. Nikaiweka karatasi juu ya ungo. Hajui kusoma, lakini muhuri wa misheni anaujua.

"Nani amekutuma huko?"

"Nywele zangu," nikasema.

Hakukataa. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote. Nilikuja nimejiandaa kubishana, yeye akasogeza mawe pembeni kwa kidole, akasema. Baba alikufa 1953. Tukabaki wawili. Mjomba akatuchukua, nami nikawa wa kuwinga ndege kwenye mpunga wake, mwaka baada ya mwaka. Ada hakutaka kutoa. Alipokubali ilikuwa 1960, na mwalimu aliponiona akasema huyu amezidi, simwandiki. Mama akamwambia ana miaka minane, ni mrefu tu kama baba yake. Mwalimu akanitazama. Akaandika.

"Ningesemaje, mwanangu? Ukweli ungekurudisha kwenye ndege."

Hapo nilikuwa karibu kumsamehe. Kisha nikakumbuka.

"Na Felista?"

Kidole kikasimama.

"Mama, Felista ana ishirini na nne. Mimi ndiye niliyemzidi. Miaka mitatu! Ulijua, na ukamkataa kwa umri!"

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia mama kelele. Kuku walikimbia. Yeye akasema hakukumbuka. Kwamba ameisema 1952 mara nyingi mno, kwa mwalimu, kwa mjomba, kwa watu wa kodi, "mpaka nikakuzaa upya mwaka huo." Akalia. Mimi namwamini nusu. Nusu nyingine nadhani hakumpenda Felista tangu mwanzo kwa sababu ana mshahara wake.

Nikamuuliza, kwa hasira tu, kama baba alikuwa na kipara. Mama akanitazama kichwani kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akaweka vidole viwili kwenye pembe zangu, kulia, kushoto. Akaanza kucheka na machozi hayajakauka. "Hapa na hapa. Kabla hata hajanioa."

Kuna kitu sijawahi kukiandika. Nimekaa kwenye mabega ya mtu, tunavuka maji. Mikono yangu imeshika paji lake, lina jasho, inateleza. Ananiambia shika masikio. Siku zote mama alisema ni ndoto, huwezi kumkumbuka baba, alikufa ukiwa bado unanyonya. Leo nimemwambia tena. Mama akauliza, "Maji ya wapi?" Nikasema kulikuwa na mti umeanguka katikati. Akajifunika uso kwa kanga.

Nilikuwa na miaka mitano! Si ndoto. Ni yeye. Mimi nina baba ninayemkumbuka.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimerudi. Sikupitia hata nyumbani, nilikwenda shuleni na vumbi langu. Felista alikuwa anafuta ubao. Nikampa cheti.

Akasoma mara mbili. "Kwa hiyo mimi ndiye mdogo."

Nikasema ndiyo, nikatabasamu. Nilidhani yamekwisha! Mjinga mimi.

Akasema, "Mama yako alikudanganya mwaka. Na ile barua, ulidanganywa na nani kuiandika?" Akaendelea, pole pole, kama anamfundisha mtoto asiyeelewa: kwamba hata ule mwaka mmoja ungekuwepo kweli, ulikuwa mwaka mmoja tu. Kwamba ameomba uhamisho wa kwenda Ikola, kule ziwani, tangu Juni na jibu litafika wakati wowote.

Mlangoni nikamuuliza kama ameona nywele zangu. Akasema hizo pembe ameziona tangu mwaka juzi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani una kioo."

Jumatano, 17 Septemba

Fomu iko mezani. 1952 imeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Naweza kumwambia Bwana Baltazari kitabu kimeliwa na mchwa. Mchwa hula kila kitu huku kwetu, nani atabisha? Nikienda Dar, nachora ramani. Nikibaki, nashika mnyororo mpaka nizeeke. Na kuzeeka kwenyewe kumbe nimekwisha anza.

Sijala.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimempa Bwana Baltazari fomu na cheti.

Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Ishirini na saba." Ndiyo, mzee. Akauliza kwa nini nimekileta. Akasema ningesema mchwa wamekula kitabu, angeandika barua ya kuniombea, naye asingekuwa na dhambi.

Nikashtuka. Mchwa wale wale!

Nikamwambia sijui. Lakini najua. Nikiandika 1952, baba anarudi kuwa ndoto. Ya paji sijali tena, au najali kidogo. Lakini yule mtu wa kwenye maji simtoi, hata kwa Dar es Salaam.

Hayo sikuyasema. Nilisimama tu na kofia mkononi. Bwana Baltazari akanirudishia cheti, fomu akaiweka kwenye droo, hakuichana. Akasema atauliza huko juu kama miaka mitatu ya kazi inaweza kufuta miaka miwili ya umri. Haniahidi kitu. Nirudi kwenye vigingi.

Lyamba ananitafuta. Ana dawa mpya, anasema hii haina nzi.

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya misa Felista amenifuata nje ya kanisa. Yeye kunifuata! Alikuwa na uso wa kazi. Akasema amemweleza baba yake yote, naye anataka kukiona hicho cheti. Kwa macho yake. Leo.

Naandika nikiwa barazani kwao, maana nisipoandika nitakimbia. Mzee Valeriani ameingia ndani na karatasi, mimi nimeambiwa ningoje. Amejifunza kusoma mwaka jana tu, darasa la watu wazima, mwalimu wake ni Felista mwenyewe. Hataki kusomewa. Dirisha liko wazi, namsikia. Ma-ksi-mi-li-ani. Felista anasahihisha, anaambiwa nyamaza, wewe si mwalimu leo.

Jina la baba limesomwa. An-se-lmo. Taratibu, kama mtu anayekanyaga udongo laini.

Jibu la Ikola limefika Ijumaa, Felista ameniambia tulipokuwa njiani. Wamemkubalia. Aripoti mwezi ujao. Hakusema kama atakwenda. Sikuthubutu kuuliza.

Amefika kwenye mwaka. Moja. Tisa. Nne — kasimama. Anaanza upya. Moja. Tisa. Nne. Nane.

Nasikia karatasi inakunjwa.

Kisha mzee amesema, sauti wazi kabisa, nadhani alitaka nisikie: "Sawa, ni mtu mzima. Na huyo mama yake, keshokutwa ataongopa nini?"

Halali yake! Ningekuwa yeye ningeuliza hivyo hivyo.

Felista amejibu. Neno moja, fupi, sikulipata vizuri. Linaweza kuwa nabaki, linaweza kuwa nakwenda. Mzee anamwambia rudia. Kiti kinaburuzwa sakafuni, kuna mtu anakuja mlangoni