Gurudumu la Spoku Ishirini na Nne Ulilomfungia Mjomba Wako

Mpwa wangu Gervas,

Kabla hujasoma mstari wa pili, kaa vizuri. Unaandikiwa na mtu ambaye lami ya kupita Kibaoni ililetwa kwa ajili yake. Wakubwa waliniona natimua vumbi na baiskeli wakasema hapana, kifua kama hiki hakiwezi kuachwa kinavuta mchanga, mleteeni lami. Wako watakaokwambia ni uongo. Hao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Barua hii nimeiandika wazi. Nakala moja nimeituma kwenye kundi la ukoo, nyingine nimeibandika kwenye mlango wa mashine ya kukoboa mpunga, pale ambapo watu wakisubiri zamu wanasoma chochote, hata karatasi ya sumu ya panya. Aibu uliyonipa ilikuwa ya wazi, basi na jibu lake liwe la wazi. Nimesubiri mavuno matatu. Wewe uko Tabora, unatengeneza baiskeli kwenye karakana ya mtu mwingine, na nadhani ulijisemea moyoni, Mjomba amesahau.

Mjomba hasahau. Unamkumbuka yule mnunuzi wa mpunga ambaye mzani wake ulikuwa unakula kilo? Unamwekea gunia la kilo mia, mzani unasoma themanini, na mwenyewe anaangalia juu kama anahesabu kunguru. Nani alipanda juu ya magunia akapiga kelele mpaka mbuzi wakakata kamba? Mimi. Wewe ulikuwa chini umenishikia kofia. Jamaa akahamia upande wa pili wa soko, na mpaka leo akiniona anakimbilia dukani, hata kama ni duka la vitenge. Ndivyo ninavyolipa mimi. Sasa zamu yako imefika.

Lakini nianzie mbali, ili hata asiyetujua pale mashineni aelewe umemkosea nani.

Baiskeli nimekufundisha mimi. Ile yangu nyeusi ya chuma, yenye keria nyuma ya kubeba hata mlango wa nyumba. Unakumbuka safari ya Ugalla, ulipomaliza darasa la saba, tulipokwenda kuchukua asali? Simba alikaa katikati ya njia, nikampigia kengele mara mbili, akasogea pembeni kama mzee anayempisha padri. Wewe unasemaga alikuwa mbwa wa warina asali. Sawa, mbwa mwenye nywele shingoni. Tulipokuwa tunarudi na madebe mawili, spoku moja ya nyuma ikalia ta! Ukashuka, ukaishika ringi, ukaizungusha taratibu huku umefumba jicho moja. Ukaniambia, "Mjomba, tushushe debe moja. Hii moja ikishakatika, mzigo wake wanaubeba majirani zake, na wao watakatika." Nikacheka. Hatukufika mbali, tukashusha madebe yote na mimi mwenyewe. Siku hiyo nilimwambia mama yako, "Dada, huyu amezaliwa na masikio ya chuma." Hilo neno nalirudisha. Nilikupa, nalichukua.

Maana ulikua, ukafungua kibanda chako pale njia panda, ukapaka rangi ya bluu, na watu wakaanza kutoka mpaka Usevya kukuletea baiskeli. Halafu ikaja ile baiskeli ya mbio kwenye mzigo wa mitumba kutoka Dar. Usukani umekunjwa kama pembe za kondoo, fremu unainua kwa kidole kimoja. Na sikukuu ya somo wa parokia ilikuwa imekaribia, na mashindano ya baiskeli ya watu wazima yalikuwepo, kutoka kanisani mpaka darajani na kurudi. Nikaja kibandani kwako. Nikakwambia nifungie magurudumu mepesi, kama ya wale vijana wa kwenye televisheni wanaopanda mlima huku wanakunywa maji.

Hapo ndipo ulipoanza maneno yako mengi. "Mjomba, wepesi tuutafute mbele. Nyuma ndipo unapokaa wewe mwenyewe, tusipafanyie mchezo."

Nikakwambia, "Wewe ni fundi au ni nesi?"

Ukachukua chaki. "Basi nitajie kilo zako. Za kweli, Mjomba. Ukiwa chini ya mia, hii ringi nyepesi ya spoku ishirini na nne itakubeba. Ukivuka mia, nakufungia thelathini na sita, na hakuna mjadala."

Nikakutajia. Ukaandika kwa chaki kwenye ukuta wa nje, chini ya paa, namba kubwa kama za mlango wa darasa: 92. Ipo mpaka leo. Nimepita juzi nimeiona. Kwa hiyo usije ukasema hukuambiwa. Namba ulipewa, ukaiandika kwa mkono wako, ukafunga spoku ishirini na nne. Kama gurudumu lilikufa, lilikufa mikononi mwa nani?

Siku yenyewe ilikuwa hivi, na anayebisha aje nyumbani. Nilitoka kanisani kama risasi. Darajani nilikuwa wa kwanza, wa pili nilikuwa simwoni. Nikageuza. Nikaona mnara wa kanisa, nikaona kwaya imejipanga kwenye ngazi, sare za kijani, na mama yako mbele kabisa ameshika khanga ya kunitandikia. Nikasimama kwenye pedali ili wanione vizuri. Ikalia ta! Upande wa gia. Nikajifanya sijasikia. Ta! Ta! Halafu zikalia kwa pamoja kama mahindi kwenye kikaango, ringi ikajikunja kama chapati ya mtu mwenye haraka, na mimi nikaenda mferejini. Suruali ilichanika pale ambapo suruali haitakiwi kuchanika, Gervas. Mbele ya sauti ya kwanza na ya pili.

Na wewe ukafanya nini? Ulikuja mbio, hilo nakubali. Ulinishika mkono. Halafu ukaliangalia gurudumu, ukaniangalia mimi, na likakutoka: "Mjomba, umeua baiskeli!" Kwaya nzima ikacheka. Padri naye aligeukia ukutani, mabega yanatikisika. Mimi, niliyeletewa lami, nimelala mferejini na mpwa wangu ananifanyia vichekesho.

Nililipa pale pale. Nilisimama, nikashika suruali nyuma kwa mkono mmoja, nikasema kwa sauti yangu ile ya magunia, "Watu wa Kibaoni, mmemwona fundi? Kama mjomba wake damu moja amemfungia gurudumu la kumuua, nyie atawafungia nini?" Kicheko kikakatika. Nikaona uso wako unabadilika. Nikafurahi, sikufichi. Kesho yake nikapeleka maneno hayo sokoni, keshokutwa nikayapeleka Usevya. Lile gurudumu lililopinda nikalitundika kwenye mlango wa kibanda chako, ulipofika asubuhi ukalikuta. Na hukulishusha. Sijui kwa nini hukulishusha. Mpaka mpunga unaingia ghalani, hakuna aliyekuwa anakuletea hata pampu. Ukafunga kufuli, ukapanda basi la Tabora, hukuniaga.

Mama yako tangu hapo ananiamkia kama mtu wa kodi. Mwaka jana alikuja na bakuli la wali, akaliweka chini, akasema, "Kaka, mwanangu Krismasi ya tatu hii haji kwa ajili ya tumbo lako." Nikamwambia haji kwa sababu ya ufundi wake mbovu. Akasema, "Haya. Kula basi, uzidi kuwa mwepesi." Akaondoka na kifuniko cha bakuli. Wali ukaliwa na nzi nusu.

Nikaapa kisasi changu hakijaisha. Nikasema nitatafuta magurudumu ambayo ni mepesi na hayafi, nitapita nayo mbele yako, na Kibaoni nzima itaona kwamba kosa halikuwa mwili wangu, lilikuwa mikono yako. Nikasikia kuna fundi mzee Mishamo, Mzee Bukuru, anafunga ringi za watu wanaobeba mahindi gunia mbili mbili, na hajawahi kurudishiwa hata moja. Nikaenda na baiskeli juu ya basi.

Mzee Bukuru ni mfupi, haongei ovyo. Alinizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. "Una kilo ngapi, mzee mwenzangu?"

"Tisini na mbili."

"Hizo za mguu huu au za huo mwingine?"

Vijana wa kijiwe cha pale wakacheka, nami nikamwambia, "Ninakotoka mimi watu wa namna yako tunawafungisha vibanda." Akanawa mikono, akavaa shati. "Twende zahanati kwanza." Nikamwambia sina homa. Akasema, "Twende tu." Mambo ya zahanati tuyaache kwanza.

Turudi kwenye gurudumu, maana hapa nataka usome taratibu ujifunze. Nyuma alinifungia spoku thelathini na sita, zile nene kwenye ncha na nyembamba katikati. Akasema zinavutika kidogo shimoni badala ya kukatika, na katikati ndipo zinapopunguza uzito. Kila spoku inapishana na wenzake watatu kabla ya kufika kwenye ringi. Ringi si ya kaboni, ni ya alumini, pana, yenye kuta mbili ndani. Mbele akaweka ishirini na nane tu, kwa sababu mbele hakuna anayekaa. Tairi akachukua pana, za milimita thelathini na mbili, akakataa nizijaze upepo mpaka ziwe jiwe. Akasema wepesi wa gramu chache unaouokoa kwenye ringi, utaulipa ukitembea kwa miguu kurudi nyumbani. Halafu akafanya kile ninachotaka ukijue: akaipiga kila spoku kwa ukucha, moja moja, anasikiliza mpaka zote za upande mmoja zinatoa mlio mmoja, huku amefumba jicho moja.

Nikamuuliza, "Huo ufundi umeutoa wapi?"

"Kila fundi mzuri anasikiliza," akasema. "Kuna kijana alipita hapa kwenda Tabora, mtu wa kwenu, anasikiliza kuliko mimi. Sijui nyie mlimwachiaje."

Nikainama, nikapangusa vumbi kwenye ringi.

Basi magurudumu ninayo. Mepesi, mtu mwenye miguu yangu hayasikii. Tangu mvua ziishe nimekwenda nayo mpaka Mpanda, na gari zilikuwa zinanipisha, siyo moja, siyo mbili. Hakuna spoku hata moja iliyolia. Mashimo nayapiga kwa makusudi. Na Krismasi hii nakutaka. Njoo na baiskeli yoyote, njoo na ringi za kaboni ukipenda, tutoke kanisani mpaka darajani na kurudi, kwaya ikiwa kwenye ngazi. Nitakupita pale pale mferejini, nitageuka, nitakwambia neno nililoliweka kifuani mavuno matatu.

Neno lenyewe nimelifanyia mazoezi sana. Nimelisema bafuni, nimelisema shambani. Tatizo, kila nikifika mwisho wake, namwona Mzee Bukuru amefumba jicho moja, na baada ya hapo nakuona wewe na debe la asali.

Kwa hiyo nimalizie ile ya zahanati, na watu wa mashineni wasogee karibu wasome, maana wao ndio niliowaambia lile la ufundi wako mbovu. Mzani wa zahanati ulisoma mia na kumi na tano. Nesi akanishusha, akanipandisha tena, ukasoma vile vile. Mzee Bukuru hakucheka. Aliandika tu.

Gervas, mzani wa zahanati hapa Kibaoni niliujua uko wapi. Wiki ile ya sikukuu, kabla sijaja kibandani kwako, niliupita. Nikaenda upande wa pili wa soko, kwa yule mnunuzi wa mpunga, wakati wa mchana watu wamekwenda kula. Jamaa aliponiona alitaka kukimbilia dukani, nikamwita, nikambembeleza anipime. Nilipanda kwenye mzani ule ule nilioupigia kelele juu ya magunia, ninaoujua unakula kilo kuliko mtu yeyote wa mkoa huu. Ukasoma tisini na mbili. Nikashuka nimefurahi, nikamshukuru.

Gurudumu nimelishusha mlangoni kwako leo asubuhi. Pembeni ya namba yako ya chaki nimeandika nyingine, kwa mkono wangu, kubwa kuliko yako.

Ni mimi Mjomba wako, wa kilo mia na kumi na tano.