Wamemzika Mkulima wa Kahawa, Baba Yangu Alikuwa Mtu wa Kikapu

Mpendwa Shangazi Erica, mshauri wetu wa gazetini, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo, maana Jumamosi ijayo ni arobaini ya baba yangu kule kijijini kwao Itaka na mimi nimeshakodi projekta na spika mbili kubwa hapa Tunduma, mwenye vyombo anasubiri tu nimwambie twende, na mama yangu ameapa kwamba nikifika na vyombo hivyo nisimwite mama tena. Naandika nikiwa na hasira, utanisamehe nikirukaruka.

Naitwa Gwantwa, binti na mtoto wa kwanza wa marehemu Osea, fundi wa kuchomelea ambaye madereva wa malori wanaopanga foleni ya kuvuka mpaka walikuwa wakimtafuta kwa jina, tela likipasuka wanauliza Mzee Kikapu yuko wapi, ndivyo walivyomwita, kwa sababu baba ujana wake aliishi Kitwe, Zambia, kwa mjomba wake na huko ndiko alikoupata ugonjwa wa mpira wa kikapu, akarudi nao Tunduma ambako watu wanabishana Simba na Yanga mpaka wanashikana mashati na yeye amekaa pembeni anazungumzia Denver na Miami. Ringi iliyoko kwenye uwanja wa shule nyuma ya mtaa wetu aliichomelea yeye kwa vyuma vya tela bovu, hakuna aliyemtuma.

Wadogo zangu hawakuupenda huo mpira, mimi ndiye niliyekuwa nikiangalia naye. Mechi za Marekani zinachezwa sisi tumelala, kwa hiyo tulikuwa tunasubiri marudio mchana kule karakana, na sheria yake ilikuwa kwamba mtu asitutajie matokeo, akija mteja anayejua baba anamziba mdomo kwa mkono wenye masizi. Alikuwa na matukio yake anayoyapenda, akikusimulia utadhani alikuwepo. Lile la Mutombo, Mkongo, timu yake ya Denver iliyofuzu ya mwisho ilipoitoa iliyofuzu ya kwanza, akalala chali sakafuni ameuinua mpira kwa mikono miwili anacheka, baba alikuwa analala sakafuni kweli kutuonyesha, na ovaroli lake. Na siku Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu, jina lake liliposomwa la pili wakati timu za Amerika zinachagua wachezaji wapya, mimi nilikuwa mdogo, baba alinibeba mabegani akavuka nami hadi Nakonde kwenda kuwaambia Wazambia aliokuwa akibishana nao, anawashika mikono hata asiowajua, na neno lake la heshima la Kibemba, "Mmeona, mukwai? Wa pili."

Lakini alilolitumia kutulea ni lile la Miami. Miami wanafungwa, zimebaki sekunde chache wapinzani wachukue kombe, kamba imeshaletwa kuzungushiwa uwanja kwa ajili ya sherehe, mashabiki wa Miami wanatoka wakawahi magari yao, mara mpira unadondoka mikononi mwa Ray Allen aliyerudi kinyumenyume hadi kona, anatupa pointi tatu, zinaingia, Miami wanashinda kwenye muda wa nyongeza, na wale waliotoka wanagonga milango wanakataliwa kurudi ndani. Ukitaka kuacha shule, ukitaka kukata tamaa na mtihani, baba anakuambia habari ya hiyo milango.

Na langu mimi na yeye ni lile la Toronto. Mpira umetupwa, filimbi ya mwisho imelia ungali hewani, ukagonga chuma, ukaruka, ukagonga tena, ukacheza juu ya ringi kama unafikiria, halafu ukaingia. Siku hiyo mama alikuwa Itaka akimuuguza bibi mzaa baba. Baba alifunga karakana, akazima simu yake, akazima na yangu, akasema leo hata waziri akipiga hanipati mpaka nione mwisho. Mpira ulipoingia alinikumbatia akalia, fundi mzima. Jioni tulipowasha simu ndipo tukapata taarifa kwamba bibi amefariki, tukaondoka kwenda msibani. Lakini shangazi, mtu akifika wakati wake simu haimzuii, na mimi ile siku bado ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizoishi na baba.

Sasa sikiliza. Baba alipofariki, kamati ya mazishi ilinipa mimi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu kwa kuwa ndiye mkubwa na nimesoma. Niliandika nalia. Niliandika Kitwe, niliandika karakana, niliandika ringi ya shule na matukio yake yote, la Toronto ndilo niliandika kwa urefu, jinsi alivyozima simu siku nzima asiambiwe matokeo, nikijua watu watacheka kidogo katikati ya machozi na watamwona baba yangu alivyokuwa. Nikampa baba mkubwa Anania, kaka yake baba, mzee wa kanisa, ampe msomaji.

Makaburini msomaji anafungua karatasi nasikia mambo mengine kabisa. Marehemu alikuwa mkulima hodari wa kahawa. Marehemu alikuwa mcha Mungu aliyependa utulivu. Baba yangu! Baba aliyekimbia Itaka kwa kuichukia kahawa, mti wenyewe wa kahawa hajui unakatwa wapi, leo anazikwa kama mkulima hodari. Kitwe hakuna, karakana hakuna, kikapu hakuna hata neno. Wakaita watoto wa marehemu tusogee kuweka udongo, mimi nikageuka nikapita katikati ya watu mpaka barabarani nikapanda bodaboda, udongo wangu sikuuweka. Nasikia mpaka leo Itaka nzima inasema mtoto wa Osea alimsusia baba yake.

Nilimpigia baba mkubwa nimuulize kosa la baba ni nini, kupenda mpira ni dhambi ya wapi. Akasema, "Mwanangu, mambo mengine yanazikwa na mwenyewe," akakata. Ndiyo heshima hiyo? Na huyo ndiye mzee wa kanisa, wakati ni mwongo anayejulikana, maana tangu bibi afariki kila akiulizwa na ukoo anasema siku ile Tunduma mtandao ulikatika, na hakuna mtandao wowote uliokatika, tulizima simu wenyewe, mimi nilikuwepo. Mtu anayedanganya juu ya mtandao atashindwaje kudanganya juu ya kahawa?

Mama badala ya kunitetea anasema niende nikampigie baba mkubwa magoti. Mama mwenyewe alisomewa ule wasifu wangu kabla ya mazishi na akakubali ukatwe. Hiyo ndiyo inayonichoma zaidi.

Shangazi, niende na projekta niwawashie Mutombo na Miami na Toronto ukutani kwa baba mkubwa, waone baba yangu alikuwa nani, au nisikanyage kabisa, wabaki na mkulima wao?

Gwantwa, Tunduma.

*

Gwantwa mwanangu, jina hili nimekupa mimi, na ya wenzako na ya mahali nimeyabadilisha kabla ya kuchapa, pole kwa msiba. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikiwa upande wako kabisa, mara ya pili nikitamani nikufikie nikufinye sikio.

Nianze na haki yako. Walikukosea. Umepewa kazi ya kumwandika baba yako, ukaandika kwa machozi, halafu unausikia uongo kwenye spika mbele ya jeneza bila mtu kukuita pembeni hata dakika moja. Huo ni ukatili, na uzee wa kanisa hauutakasi. Na nimechoka na tabia hii ya makaburini kwetu. Sijawahi kuhudhuria mazishi ya mlevi wala ya mgomvi katika nchi hii, wote tunaowazika ni wacha Mungu na wakulima hodari, mpaka mtu unachungulia jeneza kuhakikisha hujakosea msiba. Fundi aliyewachomelea watoto wa shule ringi kwa vyuma vyake anastahili kuitwa fundi. Hapo sina ugomvi na wewe.

Ugomvi wangu unaanza Toronto.

Umeandika kwamba mama yako alikuwa Itaka akimuuguza bibi. Umeandika kwamba simu zenu zilizimwa siku nzima. Na kwamba jioni mlipowasha, bibi ameshafariki. Yote umeyaandika kwa mkono wako, mfululizo, halafu ukaendelea na safari kana kwamba umeandika habari za mvua. Gwantwa, unafikiri mchana ule ni nani aliyekuwa akipiga? Alikuwa mama yako, ameketi kando ya mkwewe anayekata roho. Alikuwa baba mkubwa wako, mama yake anamuulizia mtoto wake mwingine, na yeye anapiga simu isiyopatikana. Ile unayoiita siku nzuri kuliko zote, wao walikuwa upande wa pili wake.

Na wewe ukaiandika kwa urefu, ili ukoo ucheke kidogo.

Mimi sikuwepo Itaka, lakini sihitaji kuwepo kujua ule uongo wa mtandao ulikuwa wa nini. Tangu siku bibi alipofariki, Anania amekuwa akiuambia ukoo kwamba mtandao ulikatika. Ulimnufaisha nini? Simu yake yeye ilikuwa wazi, mkononi. Alidanganya ili mdogo wake asisemwe kwamba mama alikufa akimwita naye anatazama mpira. Mzee wa kanisa alikubali kuibeba dhambi hiyo miaka yote, baba yako aliruhusu abebe, na wewe ukataka kuianika mbele ya kaburi, na spika juu. Akaikata karatasi yako. Alikata vibaya, alikata mno, akaondoa na Kitwe na ringi na kila kitu, akajaza kahawa pale palipobaki wazi kwa sababu kahawa ndiyo anayoijua. Ila neno alilokuambia kwenye simu halikuwa dharau. Lilikuwa la kuficha aibu ya ndugu yake, na wewe humsikii mtu ukiwa na hasira.

Usinielewe vibaya, simhukumu baba yako. Hakujua kama ni siku hiyo. Alitaka kuona mpira unaingia, na alilia kwa furaha na mtoto wake, na mtu hafungwi kwa hilo. Lakini lazima siku zote baada ya hapo aliishi akijua, na ninashangaa wewe uliyekaa naye karakana hukumwona.

Sasa fanya hivi. Projekta ghairi leo, na ukishamwambia mwenye vyombo usiongee naye tena maana utabadilisha mawazo. Arobaini ni Jumamosi, wewe fika Itaka Alhamisi, uingie jikoni na wanawake wenzako, upepete mchele, ukate vitunguu, usemwe na usijibu. Watakusema, maana kutoka makaburini bila kuweka udongo wa baba yako ni jambo kubwa, nawe unajua ni kubwa, ndiyo maana barua yako imelipitia mbio.

Ijumaa mwombe shangazi yako, dada yake baba, akupeleke kwa baba mkubwa. Kama baba yako hakuacha dada, tafuta mama mzima wa ukoo, usiende peke yako. Piga magoti. Usianze na wasifu. Mwambie hivi tu: "Baba mkubwa, nilikuwa karakana siku ile, simu zilizimwa. Naomba uniambie bibi alisemaje." Halafu funga mdomo wako, Gwantwa, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Akilia muache alie. Mama yako akiwa chumba cha pili atasikia, na hapo hutahitaji mimi wala mtu mwingine kukupatanisha naye.

Akishamaliza, ndipo udai chako, na udai bila woga. Mwambie hukubali baba yako abaki mkulima wa kahawa. Omba Jumamosi upewe nafasi ya kusema neno, useme habari ya karakana, ya ringi ya shule, na ya siku alipokuvusha mpaka mabegani kwenda kuwaringia Wazambia. Hilo la Hasheem lina furaha ya kutosha ukoo mzima. Akikukatalia hata hilo, niandikie tena, na safari hiyo nitamsema yeye kwa jina lake halisi hapa hapa gazetini, mzee wa kanisa asiwe mzee wa kanisa. La Toronto usiliseme. Halijawa aibu kwako, litunze, ni lako na baba yako, ila halina nafasi mbele ya watu waliokuwa wakipiga simu.

Na kabla ya yote hayo, Alhamisi hiyo hiyo, kabla hujaingia hata jikoni, pitia makaburini. Baba yako alikulea kwa habari ya watu waliotoka uwanjani kabla ya filimbi, wakafungiwa nje, na wewe ukamfanyia hivyo hivyo yeye mwenyewe. Tofauti ni kwamba Itaka makaburini hakuna mlango. Chukua udongo kwa mkono wako, umwekee baba yako.