Kwa Fundi Pindo, Aliyeambiwa Lishe Inapunguza

Dada, mwaka umekatika tangu ufumbe macho, na hasira yetu bado ni ya moto. Leo hatuna sauti ya upole.

Chumba chako cha cherehani kilikuwa baraza letu. Mteja aliingia kupima gauni, akatoka anajua nani kaolewa na nani kaachwa. Pini tele mdomoni, na bado ulitushinda kwa maneno! Shangazi akilalamika sketi inambana, wewe: "Sketi haina kosa, shangazi. Iulize sahani yako."

Sahani yako mwenyewe ilikuwa ya mfano: mboga za majani, maharage, matunda. Muuguzi wa zahanati alipokuja mtaani, alitwambia ulaji wa namna hiyo unaweza kupunguza hatari ya saratani ya matiti. Alisema kweli. Akaongeza: "Kupunguza hatari si kuimaliza. Na uvimbe hautibiwi kwa chakula. Ukiugusa, njoo."

Wewe, fundi, ulishika neno moja tu: kupunguza. Ulipokuta kivimbe ulitwambia, "Magauni mangapi nimeyapunguza mimi? Nacho kitapungua tu." Ukazidisha mboga.

Na sisi? Tulicheka, tukakuletea mafungu ya mchicha. Miezi saba bila daktari! Mtaa mzima ulijua, maana kwetu hakuna siri. Wambea wote, mimi nikiwa wa kwanza, tulijua kila kitu isipokuwa kukushika mkono na kukupeleka hospitali.

Nanyi mliokuja msibani mkinong'ona, "Huyu lazima alikuwa anakula ovyo kwa kujificha," mkome! Dada yetu hakuugua kwa kosa la chakula. Wanaokula vizuri nao huugua. Alichelewa, na tulimchelewesha.

Mwezi uliopita binti yako mkubwa aliniita jikoni. "Mama mdogo, nimegusa kitu hapa." Sikumuuliza anakula nini. Nilivaa viatu, tukaondoka asubuhi ile ile. Walimpima, na majibu yalipotoka, haikuwa saratani. Nilifurahi, kisha nikalia kwa hasira. Kumbe kumfikisha kwa daktari kulitaka asubuhi moja tu, dada! Asubuhi moja, ndiyo tuliyokunyima.

Mumeo, wanao watatu, shangazi, wifi zako na mimi mdogo wako hatutakusahau kamwe. Kujisamehe, hapo bado.